Nyumba Hununuliwa kwa Mwaka Mzima: Mazungumzo juu ya Ununuzi wa Nyumba na Maisha ya Misimu katika Mitaa Iliyopangwa

Haya ni maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na wakaazi wa majumba ya maendeleo. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu kwa faida ya wale ambao kazi au umbali haukuwaruhusu kuhudhuria.



Nimetakiwa nizungumze juu ya mambo mawili ambayo kwa kawaida huzungumzwa mbali mbali: namna ya kununua nyumba, na namna ya kuishi ndani yake msimu baada ya msimu. Kwa ruhusa yenu nitayachanganya, kwa sababu katika visiwa vyetu mambo hayo ni jambo moja. Mnunuzi wetu hupenda kutembezwa nyumba wakati wa kaskazi, baina ya Disemba na Februari, na sababu anayo. Njia ni kavu, mitaro imekauka, ukuta umepakwa rangi juzi, na upepo unaingia dirishani kama ulioalikwa. Nyumba hiyo hiyo mwezi wa Aprili ni nyumba nyengine kabisa. Aliyelipa kwa kuiona ile ya Januari ndiye atakayelala katika ile ya Aprili.

Jambo hili lina uzito kwa mkusanyiko huu. Wengi wetu hapa ni watumishi, na mtumishi hununua nyumba mara moja katika uhai wake, ama kwa mkopo unaokatwa katika mshahara kwa miaka mingi, ama kwa kiinua mgongo. Kiinua mgongo hakirejewi. Mfanyabiashara akikosea katika nyumba moja huweza kufidia kwa nyengine. Mstaafu hana nyengine.

Kwanza niseme kidogo juu ya hiyo mitaa iliyopangwa. Mji wetu umepangwa mara nyingi kuliko watu wengi wanavyodhani. Upo mpango wa Lanchester wa mwaka 1923, upo wa Kendall na Mill wa 1958, ukaja wa 1968 uliotayarishwa na mtaalamu wa Ujerumani ya Mashariki, Hubert Scholz, kisha wa 1982 uliotayarishwa na wataalamu wa Kichina. Katika mambo yaliyotokana na fikra za baada ya Mapinduzi ni majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani hapa mjini, na nyumba za maendeleo za mashamba, kama vile Bambi, Makunduchi na Gamba kwa upande wa Unguja, na Chake Chake, Wete na Mkoani kwa upande wa Pemba. Siku hizi yameongezeka majengo ya fleti ya Mbweni na miji mipya ya Fumba. Kupangwa kwa mtaa ni neema: barabara inajulikana, kiwanja kina mipaka, na gari la zimamoto linaweza kupita. Lakini mpango uliochorwa hauzuii maji kutafuta pahala pake pa zamani, na ramani haivuji. Kinachovuja ni paa.

Sasa tuingie katika misimu, na nitakaa zaidi kwenye masika, kwa kuwa masika ndiyo yanayoijaribu nyumba.

Mji wa Zanzibar hupata kwa mwaka mvua inayozidi milimita 1,500, na sehemu kubwa yake humiminika baina ya Machi na Mei. Mvua hiyo haiji peke yake. Mwezi wa Machi na wa Aprili ni miezi ya bamvu kubwa. Kila mwezi unapoandama na kila unapokuwa mpevu bahari hujaa sana, na tafauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huweza kufikia kiasi cha mita 4. Mtaro unaotoka mtaani unamwaga baharini. Bahari ikiwa imejaa, mdomo wa mtaro umezibwa na maji ya chumvi, na mvua iliyonyesha Jang'ombe au Kwahani haina pa kwenda kwa saa kadhaa. Ndiyo maana mvua ya namna moja huweza kupita siku moja bila ya madhara, na wiki ya pili yake ikaingia majumbani mwa watu. Mafuriko ya Mei 2015 na ya Mei 2017 tunayakumbuka, na Serikali imejenga mitaro mikubwa tangu hapo kupitia mradi wa huduma za miji. Mitaro hiyo imesaidia sana, lakini haikuligeuza bonde kuwa kilima.

Kwa hivyo mwenye kutaka kununua na aanze na jina la mtaa. Wazee wetu hawakutoa majina bure. Pahala panapoitwa Ziwani, Mtoni, Ziwa Maboga au Kisima Majongoo, jina lenyewe limekwisha kutoa ushahidi, na inampasa mnunuzi auhoji ushahidi huo kabla ya kuukataa. Huenda maji yamekwisha kuhamishwa, huenda nyumba unayoitaka iko juu ya mwinuko. Hayo yote yanawezekana, lakini yathibitishwe. Hali kadhalika ile sehemu ya Darajani na viunga vyake. Palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Ardhi ya kufukiwa inasahauliwa na watu, lakini maji hayaisahau.

Baada ya jina, tazama vizingiti. Usitazame cha nyumba unayouziwa, kwa kuwa hicho huenda kimetengenezwa kwa ajili yako. Tazama vya majirani. Ukiona milango mitatu ya mtaa mmoja imejengewa matofali mawili mbele yake, hapo hukuhitaji kuuliza. Tazama pia mstari wa rangi ya udongo kwenye ukuta wa nyuma, ambao mara nyingi husahauliwa na mpaka rangi. Kisha nenda kwa mwenye duka la mtaa, ununue chochote, umuulize mifuko yake ya mchele na unga huiweka wapi mwezi wa Aprili. Akikujibu kuwa huipandisha juu ya meza, umepata habari ambayo dalali hatakupa.

Ikiwa inawezekana, na mimi nasema inawezekana mara nyingi kuliko tunavyokubali, usilipe nyumba uliyoiona wakati wa kiangazi mpaka uione tena katika masika. Muuzaji mwenye haraka atakwambia yupo mnunuzi mwengine. Huenda yupo. Basi mwambie akuruhusu uje siku ya mvua ya kwanza, hata kama ni ya vuli, na ukae ndani saa nzima bila ya kuzungumza. Utasikia tone. Paa la bati hujisema lenyewe. Paa la zege, kama yale ya majumba yetu ya ghorofa, huchelewa kusema. Maji hutuama juu, yakapenya kwenye ufa, yakatembea ndani ya zege, na yakatokea chumba ambacho hakiko chini ya ufa wenyewe. Anayeishi ghorofa ya tatu huweza kupata doa ambalo asili yake ni ya juu kabisa. Hapo ndipo ugomvi wa majirani unapoanzia, na kila mmoja anasema kweli yake.

Jambo la makaro lisionewe haya kuulizwa. Sehemu kubwa ya Unguja iko juu ya jiwe la matumbawe, ambalo limejaa matundu, na maji hupita ndani yake kwa haraka bila ya kuchujika vya kutosha. Karo lililochimbwa karibu na kisima ni hatari kwa watu wa nyumba na kwa watoto wa jirani, na wakati wa masika, maji ya ardhini yanapopanda, karo lisilokuwa na tatizo mwezi wa Januari hufurika. Maradhi ya kipindupindu yaliyotufika kuanzia 2015 hadi 2016 yametupa somo la kutosha juu ya hilo. Muulize mwenye nyumba karo liko wapi, lilinyonywa lini mara ya mwisho, na gari la kunyonya linapita njia gani. Njia ikiwa imekwisha kujengwa ukuta, basi karo hilo halitanyonywa, na huo ni msiba unaosubiri siku yake.

Kusi nitaipitia kwa wepesi zaidi. Kuanzia Juni hadi Septemba hali ya hewa ni baridi, mvua ni haba, na upepo unatoka upande wa kusini na kusini mashariki. Ni msimu mzuri wa kuishi na ni msimu bora wa kutengeneza. Ukuta uliolowa masika unahitaji wiki nyingi za upepo mkavu kabla ya kupakwa rangi. Anayepaka mwezi wa Mei anaufungia unyevu ndani, na mwezi wa Novemba rangi itabambuka. Kwa nyumba kongwe za mawe na chokaa jambo hili ni kubwa zaidi. Ukuta wa namna hiyo unapumua, na ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pumzi. Wenye nyumba ndani ya Mji Mkongwe, ambao tangu 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, wanajua kuwa wanatakiwa wapate idhini ya Mamlaka ya Hifadhi kabla ya kazi. Nawanasihi waichukue idhini hiyo kama ushauri wa bure wala wasiione kuwa ni kikwazo.

Lakini upepo wa bahari huchukua chumvi, na chumvi hula chuma. Katika majengo ya ghorofa yaliyo karibu na pwani tazama nguzo, ngazi na vibaraza. Ufa unaokwenda moja kwa moja, wenye doa la rangi ya kutu, maana yake nondo iliyomo ndani imeanza kuoza. Chuma kikipata kutu huvimba, na kikivimba hulipasua zege. Kuupaka ufa huo saruji juu yake ni kuuficha, dawa haijapatikana hapo. Sababu moja kubwa ya maradhi haya ni mchanga wa pwani uliotumiwa katika zege bila ya kuoshwa, na wala si ya majumba ya zamani tu. Mwenye kujenga au kununua nyumba mpya na aulize mchanga ulitoka wapi, na asitosheke na jibu la mara ya kwanza.

Vuli, baina ya Oktoba na Disemba, ni mvua fupi, nami naiita mvua ya mtihani. Ile kazi uliyoifanya wakati wa kusi itakaguliwa na vuli bila ya malipo. Ikivuja Novemba bado una miezi mitatu ya kaskazi ya kurekebisha kabla ya masika. Wakulima na mabaharia wetu walikuwa na hesabu hizi vichwani. Mwaka wa jua wa watu wa Makunduchi, ambao Mwaka Kogwa wake huadhimishwa mwezi wa Julai, ulihesabiwa kwa makumi ya siku, na kila kumi lilikuwa na kazi yake. Sisi wa maofisini tumebaki na kalenda ya ukutani inayotwambia siku ya mshahara peke yake.

Kaskazi yenyewe ina adabu zake. Ni msimu wa joto na wa uhaba wa maji, na hapa mnunuzi na atazame jua. Visiwa vyetu viko baina ya nyuzi 4 na 7 kusini ya ikweta. Mjini Unguja jua hupita juu ya vichwa vyetu mapema mwezi wa Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba. Baina ya Oktoba na Machi, yaani katika joto lenyewe, linaelekea kusini. Miezi iliyobakia linaelekea kaskazini. Katika misimu yote, ukuta wa magharibi ndio unaopata adhabu ya alasiri, na chumba cha kulala kilichoegemea ukuta huo kitakuwa cha moto mpaka usiku wa manane. Upepo wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki. Nyumba yenye madirisha ya upande huo na ya upande wa kusini itapata upepo katika pepo zote mbili. Nyumba yenye dirisha la upande mmoja tu itakuuzia pangaboi na umeme wa tukuza, kila mwezi, kwa maisha yako yote. Wakati wa kutembezwa, nenda saa kumi ya jioni, ufunge mlango wa chumba, ukae.

Nimetaja umeme. Kisiwa cha Unguja kinapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara tangu 1980, na waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kutumika 2013. Kabla ya huo mpya tulikatikiwa kwa kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, na kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, katika kaskazi yenyewe. Waliokuwa wakiishi ghorofa za juu hawahitaji kuelezwa. Umeme ulipokwenda, pampu zilikwenda nao, na ndoo zikapanda ngazi kwa vichwa vya akina mama na watoto. Hali sasa ni bora, lakini suala la mnunuzi wa fleti halijabadilika: tangi la jengo linachukua maji ya siku ngapi, liko juu au chini, nani ana ufunguo wa chumba cha pampu, na lilisafishwa lini? Tangi lisilokuwa na kifuniko ni kisima cha mbu.

Sasa nizungumze juu ya karatasi, na hapa naomba usikivu zaidi, maana nyumba inayovuja hutengenezeka, lakini nyumba iliyonunuliwa kwa asiyekuwa na haki ya kuiuza haitengenezeki kwa bati wala kwa saruji.

Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na Sheria Namba 12 ya 1992 juu ya matumizi ya ardhi imeliweka hilo wazi. Mtu hanunui ardhi. Hununua haki ya kuitumia pamoja na kilichojengwa juu yake. Haki hiyo ina masharti, na huhamishwa kwa utaratibu. Kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni, mtu aende kwa sheha wa shehia ilipo nyumba, kisha Kamisheni ya Ardhi akaangalie usajili: jina lililoandikwa ni la nani, kiwanja kina ukubwa gani, na kama kipo kizuizi cha benki au cha mahakama. Uhaulishaji wenyewe, chini ya Sheria Namba 8 ya 1994, unapita kwenye Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi. Mauziano yaliyoandikwa barazani mbele ya mashahidi wawili waungwana ni kumbukumbu nzuri ya nia ya watu, hayakamilishi uhaulishaji. Ukizuka mgogoro, ipo Mahakama ya Ardhi, lakini mahakama inahukumu kwa ushahidi, na mtu aliyelipa fedha taslimu bila ya risiti amekwenda pale na maneno tu.

Pana mambo matatu ambayo ningependa mtoke nayo hapa.

La kwanza ni kilemba. Mpangaji wa fleti ya Serikali anapokuhamishia funguo kwa malipo, hakukuuzia nyumba, kwa kuwa hakuwa nayo. Amekuuzia kuondoka kwake. Unaweza kuishi humo miaka 10 ukitengeneza na kupamba, na siku ya uhakiki ukaonekana mtu asiyejulikana katika daftari. Kabla ya kutoa kilemba, kwa jina lolote kitakaloitwa, nenda Shirika la Nyumba uulize fleti hiyo imeandikwa kwa jina la nani na kwa sharti gani. Safari hiyo ni ya asubuhi moja.

La pili ni eka tatu. Eka tatu tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi zilitolewa kwa ajili ya kilimo. Leo mji umezifikia, na wapo wanaozikata viwanja na kuuza kwa hatua za miguu. Kiwanja cha namna hiyo ni rahisi kwa bei, na sababu ya urahisi wake ni kwamba muuzaji anamwachia mnunuzi kazi yote: idhini ya kubadili matumizi, upimaji, barabara, mtaro na maji. Kwa kawaida mtaa unaokua kwa njia hiyo hupata nyumba kwanza, na njia ya maji hufikiriwa baadaye, pale ambapo haina tena pa kupita. Basi tunarejea kwenye masika.

La tatu, na ndilo linalonikera zaidi, ni mirathi. Mzee amefariki, ameacha nyumba, na urithi haujagawiwa. Mtoto mmoja anayeishi humo, mara nyingi mkubwa na mara nyingi mwanamume, anaiuza. Anayo barua, anao mashahidi, na kwa kweli huenda anaamini kuwa ana haki. Lakini wapo ndugu zake wa kike walioolewa Pemba, yupo aliye Maskati, yupo aliye Dar es Salaam, na yupo mama mjane mwenye fungu lake ambaye hakuulizwa kwa sababu amekaa kimya. Kila mmoja kati yao ana sehemu katika kila tofali. Mnunuzi analipa, anahamia, anapaka rangi, na baada ya miaka miwili anakuja mtu kutoka uwanja wa ndege na mkoba wake, akiuliza nani amemuuzia nyumba ya baba yake. Mtu huyo hana kosa. Na mnunuzi, ambaye pia hakukusudia dhuluma, anaambiwa akamtafute aliyempa fedha, naye zimekwisha.

Kwa hivyo pale nyumba inapotokana na marehemu, takeni uthibitisho wa mahakama juu ya warithi na mafungu yao, na takeni saini ya kila mrithi aliyefikia umri, au ya wakala wake kwa hati ya uwakala. Kwa walio watoto, utaratibu wa kisheria wa kuwalinda ufuatwe. Usikubali kauli ya kwamba dada zetu wamesamehe. Kusamehe huandikwa, na hutamkwa na mwenye kusamehe mwenyewe. Aidha ulizeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama nyumba si ya wakfu, kwani mali ya wakfu mrithi hana ruhusa ya kuiuza hata wakikubaliana wote. Na kwa kuwa tuko katika suala la haki za nyumbani, niongeze hili: mume na mke wanapochanga kununua, majina yao mawili yaandikwe siku ile ile. Kuandika mapema hakuvunji mapenzi.

Kwa wanaonunua fleti katika majengo mapya, ipo Sheria ya Kondominio Namba 10 ya 2010, yaani sheria ya umiliki wa sehemu za jengo. Mnunuzi humiliki sehemu yake ndani ya kuta zake, na huwa na fungu katika vile vya pamoja: paa, ngazi, nguzo, tangi, mitaro, uwanja. Watu husoma vizuri ile sehemu ya kwanza na kuiruka ya pili. Kabla ya kutia saini, omba uoneshwe hesabu za jumuiya ya wamiliki za mwaka uliopita: mchango ni kiasi gani, nani hajalipa, na kiasi gani kimewekwa kwa ajili ya paa. Jengo ambalo halikuweka kitu kwa ajili ya paa litachangisha kwa haraka siku paa litakapodai, na siku hiyo itakuwa ya mvua. Ikiwa jengo bado halijasimama na unauziwa kwa picha, malipo na yafuate hatua za ujenzi, mkataba usomwe na wakili wako na si wa muuzaji, na picha hiyo itazamwe vizuri: wachoraji wote huchora mchana wa kaskazi.

Haya ya pamoja hayawahusu wa majengo mapya tu. Wakaazi wa Michenzani, ambao majumba yao yalianza kujengwa wakati wa uhai wa Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, wamekaa na suala hili kwa muda wa nusu karne. Ngazi ni ya nani? Anayeifagia kila siku ni mama wa ghorofa ya chini, na anayeichafua hajulikani. Shughuli zinazofaa kufanywa kwa pamoja si nyingi na si ghali zikiwekewa tarehe. Mwezi wa Februari kila jengo lipandishe watu wawili juu kusafisha paa na midomo ya mabomba ya kuteremshia maji, maana jani moja la mwembe na mfuko mmoja wa plastiki hutosha kuligeuza paa kuwa bwawa. Mwezi huo huo mtaro wa mbele uzibuliwe, na taka zake zichukuliwe siku ile ile, zisiachwe ukingoni zikarudishwa na mvua ya kwanza. Mwezi wa Julai litazamwe tangi na mlango wa pampu. Antena, matangi ya ziada na vibanda vilivyowekwa juu ya paa na wakaazi vihesabiwe, na kila mmoja alitoboe paa kwa idhini ya wenziwe au asilitoboe.

Nimeambiwa muda umekwisha na kwamba masuali ni mengi. Waliokuja na hati zao wanaweza kuzionesha kwa maofisa wa ardhi waliokaa meza ya upande wa mlango. Watazisoma bila ya malipo na watasema kinachokosekana. Kwa upande wa masuali, naomba tuanze na wakaazi wa ghorofa za juu, kwani wao wameteremka ngazi nyingi zaidi kuja kutusikiliza, na bado wana kazi ya kuzipanda.